Thika na watoto: mliowahi kupeleka familia, tupeane uzoefu

Mama Gredi Nne
Wadau, habari za wikendi. Naishi Zimmerman, Nairobi, na kila nikitaja Thika kwa matembezi ya Jumamosi, baba watoto ananijibu, "Thika kuna nini, si ni viwanda tu?" Wengi wetu tunaipita tukienda Murang'a ama Nyeri, wala hatugeuzi shingo. Na tangu barabara kuu ifunguliwe 2012, hata umbali si kisingizio tena. Nataka hadithi za mlioenda na watoto wenu wenyewe. Mlienda wapi, na nini kiliwaudhi? Wangu mmoja ana miaka minne, mwingine tisa.

Baba Pacha
Anza na Blue Posts. Hoteli ipo tangu 1908, imekaa katikati ya mto Chania na mto Thika, na kila mto una maporomoko yake. Si lazima ulale. Unaketi bustanini, unaagiza chai na chipsi, watoto wanakimbia nyasini. Wangu waligundua mchezo wao: kila mmoja anarusha jani kavu mtoni, kisha wanabishana la nani limetangulia kuanguka. Chipsi zilipoa mezani, hakuna aliyejali. Ukishuka chini kutazama maporomoko kwa karibu, mawe yana utelezi kwa ule mnyunyizo wa maji. Huyo wa miaka minne usimwachilie mkono, na ndala ziache nyumbani.

Mwenyeji Ngoingwa
Viwanda! Haya, tumezoea dharau zenu watu wa Nairobi.

Mkitoka Blue Posts, piteni Mugumo Gardens hapo mjini. Ni bustani tu, msitarajie bembea. Pana hadithi lakini. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiru, yule mtabiri wa Wakikuyu, alisema utawala wa wazungu ungekwisha siku mti wa mugumo wa hapo utakapoanguka. Wakoloni waliposikia, wakauzungushia vyuma usianguke. Radi ikaupiga, na 1963 mti ukawa chini. Niliwasimulia wanangu pale pale, yule mdogo akaniuliza: "Si wangeukata tu wenyewe wamalize maneno?" Mwenye jibu anisaidie.

Dereva wa Familia
Hakuna aliyetaja Fourteen Falls? Mnatoka Thika mnashika barabara ya Garissa, mnapita mashamba ya mananasi yasiyoisha, kisha mnakata kuelekea Ol Donyo Sabuk. Maji yanamwagika kwa mikondo mingi juu ya mwamba mpana. Mtoto aliyezoea maji ya mfereji anabaki mdomo wazi. Vijana wa pale huvusha watu kwa mashua na kuwashika mkono kwenye mawe. Elewaneni bei mkiwa nchi kavu, na mseme wazi ni ya familia nzima ama ya kila kichwa.

Wapo pia wanaoruka kutoka juu ukiwatolea kitu. Mimi nilikataa. Sitaki kijana wangu aone kwamba mtu hulipwa kucheza na shingo yake.

Mama Wawili wa Juja
@Dereva umesema kweli, ila umeacha nusu. Huo ni mto Athi, ule ule unaopokea uchafu wa Nairobi. Maji yakipungua, harufu inakupokea kabla hujayaona, na povu linaelea kama la nguo zilizolowekwa. Masika nayo mikondo yote inaungana, inakuwa ukuta mmoja wa maji ya kahawia, na mawe mliyosimama juu yake mwezi uliopita huyaoni. Mimi na wa miaka minne sisogei pale wakati wa mvua, hata nipewe mashua ya bure. Nenda baada ya mvua kupoa. Tazameni, pigeni picha, lakini watoto wasichezee maji, na kabla ya kula mikono ioshwe kwa maji mliyobeba.

Dereva wa Familia
@Mama Wawili nimekubali. Sisi tulienda Agosti.

Shemeji wa Moshi
Wakuu, mimi Mtanzania niliyeolewa huku, mniruhusu niwauzie mlima. Kilimambogo, ambao kwenye ramani ni Ol Donyo Sabuk, uko karibu tu na hayo maporomoko. Kilele ni mita 2,145, na ni hifadhi ya taifa tangu 1967. Nyati wapo kweli, jina si mapambo, kwa hiyo tulipanda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori. Gari pia linapanda ikiwa barabara ni kavu.

Wanangu walivutiwa zaidi na kaburi lililoko njiani. Amezikwa McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925, bwana mwenye mwili mkubwa ajabu. Ndiye aliyempokea Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, kule shambani Juja, 1909. Inasimuliwa alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililombeba likashindwa na mlima, wakamzika hapo lilipokwamia. Watoto walicheka hadi askari naye akacheka. Kila tulipopumzika, mmoja wao alisema, "Mama, mimi nizikwe hapa hapa."

Siku ya anga safi, kilele kinakupa Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Tuliuona wetu, mdogo mdogo kule kusini. Binti yangu akabisha kwamba ni wingu.

Mwenyeji Ngoingwa
Mlima uko kaunti ya Machakos jamani, tusiwaibie majirani. Ila chai mtainywa kwetu.

Mama Gredi Nne
Asanteni sana. Swali: hatuna gari. Inawezekana? Na naweza kuunganisha yote siku moja?

Baba Pacha
Yote siku moja usijaribu, utarudi na watoto wanaolia. Blue Posts na Mugumo Gardens, siku moja. Mlima, siku nyingine kabisa, na huyo wa miaka minne mwachie nyanya yake ama ujiandae kumbeba mgongoni.

Mama Wawili wa Juja
Bila gari inawezekana. Pandeni matatu namba 237 hapo Roysambu hadi Thika. Ya mjini mtayamaliza kwa miguu na boda. Kwa mlima, mkifika Thika mnatafuta matatu ya Ol Donyo Sabuk, kisha boda hadi langoni. Malipo ya KWS ni ya eCitizen, ule mtandao wa serikali, yamalizeni mkiwa nyumbani, msije kuanza kutafuta mtandao getini na watoto wana njaa. Chakula na maji mbebe. Na mananasi mnunue wakati wa kurudi, maana ukiyanunua asubuhi utazunguka nayo mlimani kutwa, na askari atakuomba moja.