Naomba ushauri: chanjo za walezi wa chekechea, Kampala

Wadau, habari za kazi. Naandaa masharti ya chanjo kwa walezi na mpishi wa chekechea. Sheria ya Chanjo ya 2017 inadai kadi ya mtoto anapoandikishwa. Nataka na anayembeba mtoto huyo kutwa awe na yake.

Kinachosumbua ni homa ya ini B. Waliozaliwa kabla ya 2002, ilipoingia kwenye ratiba ya watoto Uganda, wengi hawakuipata. Mtu anapimwa damu kwanza. Akiwa hana virusi anachomwa leo, baada ya mwezi 1, kisha mwezi wa 6. Hiyo ya tatu ndiyo hupotea: kahama kazi, au nauli hakuna. Akichelewa haanzi upya, anamalizia iliyobaki.

Surua na rubela ni afadhali, dozi 2 zikipishana angalau siku 28. Ila ni chanjo hai (ina virusi hai vilivyodhoofishwa), mjamzito hapewi, na aliyechanjwa asishike mimba kwa mwezi mmoja. Hapo kumuuliza mtu mbele ya wenzake ni kukaribisha uongo.

Sasa, wenzangu: aliyepoteza kadi mnamchanja tena surua, au mnampima kinga kwanza? Na dozi ya tatu ya ini, nani anaifuatilia mlezi akishaondoka?