Mabasi ya Montgomery: mgomo ndio ulioshinda, au mahakama?

Mleta mada:
Wakuu, kila ikitajwa Montgomery, ule mji wa Alabama, Marekani, tunapewa hadithi ile ile: Rosa Parks akagoma kumpisha Mzungu kiti, watu wakasusia mabasi, ubaguzi ukaisha. Hebu tazameni tarehe. Mgomo ulianza 5 Desemba 1955. Weusi walikuwa karibu robo tatu ya abiria, kampuni ikaumia kweli, lakini jiji halikulegea. Kilichomaliza kazi ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle, ya kupinga ubaguzi ndani ya mabasi, aliyoifungua wakili Fred Gray Februari 1956. Juni wakashinda, 13 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha. Na Parks hakuwa hata mmoja wa wadai! Alikuwemo Claudette Colvin, binti aliyekamatwa kwa kosa kama hilo Machi 1955 akiwa na miaka 15. Sasa kutembea mwaka mzima kulisaidia nini?

Jibu:
Naomba kutofautiana nawe, mkuu. Umesahau walichodai mwanzoni. Hawakutaka ubaguzi ufutwe! Walitaka madereva wawe na adabu, anayewahi akae, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele, na madereva Weusi waajiriwe kwenye njia za mitaa yao. Jiji lingekubali hayo, pengine mgomo ungeisha mapema na mabasi yangebaki yale yale. Ukaidi wa wakubwa ndio uliowasukuma mahakamani. Colvin alipokamatwa hakukuwa na mgomo, na kesi yake ya kwanza haikubadilisha kitu.

Jibu:
Nyie mnabishana majaji, mimi naangalia nauli. Teksi za Weusi zilibeba watu kwa senti 10, sawa na basi. Jiji likazibana na sheria ya nauli isiyopungua senti 45. Wakapanga magari yao wenyewe, karibu 300, yenye vituo na zamu. Bima za magari zikafutwa, wakapata bima kwa Lloyd's, soko la bima la London. Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi kwenye kesi ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo aliyeshtakiwa kwa ajili ya mgomo huo, aliuza kuku na keki kuchangia mafuta ya magari. Hayo hakuna jaji aliyeyafanya.

Mleta mada:
Hoja ya ukaidi naipokea. Ila hiyo hiyo 13 Novemba jiji lilikuwa mahakamani likitaka magari hayo yapigwe marufuku, na likapewa amri. Bila hukumu ya Mahakama ya Juu kule Washington mgomo ungekuwa umekatwa miguu. Wangefanya nini?

Jibu:
Wangetembea, mkuu, na ndicho walichofanya. Hukumu ilitoka Novemba, ila amri ya Mahakama ya Juu ya kuitekeleza ilifika Montgomery 20 Desemba. Kwa zaidi ya mwezi hapakuwa na magari ya vituoni wala basi walilokubali kupanda, wakawa wanapeana lifti kimtaa na wengine wanakanyaga lami. Hukumu tayari walikuwa nayo mkononi, na bado hawakurudi kukaa nyuma.