Rangi inabanduka kwenye plastiki za milango ya gari, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada.

Nina Toyota IST, ndani ni nyeusi. Paneli za milango ya mbele zilipasuka, nikapata za mtumba mtaa wa Gerezani hapa Dar, nzima kabisa ila ni za kijivu. Nataka zifanane na dashibodi.

Nimeziosha kwa sabuni, nikapiga msasa laini namba 800, nikafuta kwa spiriti, nikapuliza praima (rangi ya kwanza ya chini) kisha rangi nyeusi ya kopo isiyong'aa. Vile vipande vya swichi za vioo, vilivyoandikwa ABS (aina ya plastiki) kwa nyuma, vimeshika vizuri sana. Paneli zenyewe zimeandikwa PP (polipropilini, plastiki ya aina nyingine), na hapo ndipo shida ilipo: ukipitisha kucha tu rangi inatoka kama ganda la kitunguu, hasa pale mkono unapoegemea. Gari likishinda juani ndiyo inazidi.

Fundi mmoja anasema nizivalishe ngozi. Sitaki, napenda ule mkunjo wa plastiki yenyewe uonekane.

Je, praima maalumu ya kushikisha rangi kwenye PP inapatikana hapa Dar, na niiulizie duka la aina gani? Na hii rangi iliyopo niitoe yote kwanza, au napuliza juu yake?