Mke wa Ayubu: asiyepita chuo cha theolojia cha Makumira aandike au anyamaze?

Dada wa Rau: Habari za jioni ndugu zangu. Tangu Kwaresima ninahangaika kuandika kurasa mbili tu juu ya mke wa Ayubu, yule aliyesema "Umkufuru Mungu, ukafe". Kila mahubiri ni kumchapa. Mimi namwona mama aliyefiwa na watoto kumi siku moja. Kitabu kina sura 42, yeye kapewa mstari mmoja. Mwaka juzi nilizika mtoto mmoja, na nilitamka maneno ambayo siwezi kuyarudia ibadani. Nikampa mzee wa kanisa asome nilichoandika. Alinirudishia siku hiyo hiyo: "Mwanangu, hujapita Makumira, usituletee tafsiri yako." Tangu hapo nikiandika sentensi, naifuta. Nauliza: ambaye hakusomea theolojia aandike anavyoelewa, au anyamaze?

Mwinjilisti Kiborloni: Pole sana dada kwa msiba. Ila mzee hakukosea. 2 Petro 1:20, hakuna unabii katika maandiko "upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu". Wanaojitafsiria ndio hao wanaofungua kanisa kwenye fremu ya duka, kesho wanauza maji ya upako. Ndio hao pia wanaoshika 1 Timotheo 5:23 kuhalalisha mbege, pombe ya Wachaga.

Mangi wa Marangu: Mbege imeingiaje hapa? Dada kaongelea msiba, wewe umekwenda kuchokoza kata ya pombe ya watu. Mbege ni ndizi, ulezi na msesewe, lile gome la mti. Posa, matanga, kesi ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wazee walimalizia hapo. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Je, matumbo ya Wachaga hayaumi?

Msabato wa Same: Kidogo, kwa dawa. Soma vizuri. Na divai ya Kana, ile Yesu aliyoifanya kwa maji arusini, ilikuwa maji ya zabibu, haikuwa imechacha.

Mangi wa Marangu: Mzee wangu, mkuu wa meza alisema watu "wakiisha kunywa sana" ndipo huletewa iliyo dhaifu. Nani asiyetofautisha juisi nzuri na mbaya kwa kuwa ameshakunywa juisi sana? Halafu mabalasi sita, yaani mitungi mikubwa, kila moja nzio mbili au tatu. Nzio ni kama lita 40. Piga hesabu: si chini ya lita 480. Hiyo ni dawa ya tumbo la kijiji kizima.

Mwinjilisti Kiborloni: Mnaona? Hii ndiyo tafsiri ya mtu binafsi, mtu anaanza na kiu yake halafu anatafuta mstari. Wewe bila shaka Jumapili hujui hata usharika wako unaimba wimbo gani.

Mangi wa Marangu: Naimba besi. Uliza.

Jumuiya Kibosho: Nyie Walutheri mnatuchekesha. Luther wenu ndiye aliyewapa watu Biblia kwa Kijerumani mwaka 1517, leo mnamnyima mama aliyefiwa kalamu.

Mwinjilisti Kiborloni: 1517 ni zile hoja 95. Agano Jipya ni 1522, Biblia nzima 1534. Kabla ya kutucheka jifunze historia, na utuambie ninyi mmeanza lini kushika Biblia majumbani.

Jumuiya Kibosho: Ahsante kwa masahihisho, hasira baki nazo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1965, hati ya Dei Verbum: njia ya Maandiko iwe wazi kwa waamini wote. Kwetu kila wiki tunasoma sebuleni kwa mtu, na bibi asiyejua kuandika anaeleza neno lilivyomgusa. Mafundisho rasmi ni ya Kanisa, hilo sipingi. Lakini kuguswa hakuhitaji cheti.

Mwanafunzi wa Usa River: Mimi Makumira nipo, na niliyoyakuta huku yanamsaidia dada kuliko mzee anavyodhani. Katika Ayubu 2:9 neno la Kiebrania ni barak, yaani "bariki". Waandishi wa kale walikwepa kuandika laana ikielekezwa kwa Mungu, wakaweka kinyume chake, ndiyo maana tafsiri nyingi hugeuza. Kwa hiyo hata "umkufuru" tunayosoma ni uamuzi wa mfasiri. Na Ayubu 42:7, Mungu anawakemea marafiki wale waliojua kila kitu, anamtetea aliyelalamika.

Msabato wa Same: Mchungaji mtarajiwa, vizuri umefika. Kwa Kigiriki, ile ya Kana imechacha au haijachacha?

Mangi wa Marangu: Hata mimi nasubiri hapo.

Mwinjilisti Kiborloni: Wanafunzi ndio wanaoharibu sharika. Kiebrania nusu muhula, tayari Biblia ina makosa.

Mwanafunzi wa Usa River: Sikusema makosa, kaka. Rudi usome.

Dada wa Rau: Jamani, nimepika, nimelaza watoto, nimerudi nimekuta lita 480. Mwanafunzi, hilo la "bariki" limenikalisha kitako. Kumbe yawezekana alisema neno moja lenye pande mbili, na sisi tukachagua upande mmoja kwa niaba yake. Nimeandika aya juu ya hilo. Mpaka sasa sijaifuta.

Mwinjilisti Kiborloni: Dada, mimi sijasema usiandike. Nimesema mpe mchungaji asome kwanza.

Dada wa Rau: Atasoma ikiisha, mwinjilisti. Safari hii ikiisha.

Mangi wa Marangu: Iweke hapa na sisi tuisome. Na mwinjilisti, ile hesabu ya nzio bado hujanijibu.