Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, halafu kijana wa dirishani ananiuliza Kiswahili nimejifunzia wapi!!!

Baba Ngamiani:
Wakuu nimetoka pale ofisi ya Uhamiaji sasa hivi, hata chai sijanywa, naandika nikiwa kwenye bajaji na mikono inatetemeka. Yule kijana wa dirishani, yule wa miwani ya kuning'iniza kifuani, mnamjua, kila aliyepita pale na pasi ya Marekani anamjua, simtaji maana faili langu liko kwake na nikimtaja leo kesho litakuwa mkeka wa chupa ya chai.

KANIULIZA KISWAHILI NIMEJIFUNZIA WAPI.

Mimi. Mtoto wa Barabara ya 12 Ngamiani, niliyesoma Usagara, niliyekuwepo uwanjani Mkwakwani 1988, mwaka Coastal Union waliochukua ubingwa wa ligi, na kiatu changu cha kushoto kikabaki humohumo mpaka leo. Bibi yangu ukikosea ngeli alikuwa anakunyima uji, wallahi.

Niwaeleze kidogo. Nilipata bahati nasibu ya green card, nikaondoka 1998, nikageuza wazee wa watu vitandani Minnesota miaka 25 mpaka mgongo wangu nao ukageuka, uraia wao nikachukua 2005. Najua sheria yetu ya 1995, mtu mzima ukichukua wa wenzio kwa hiari yako wa kwako ndo umeuaga, sikulia. Sasa nina 66 nimerudi nizeekee kwetu. Uwanja wa ndege Mjerumani aliyekuwa mbele yangu kalipa viza dola 50, mimi 100, eti Mmarekani lazima achukue ya kuingia mara nyingi, na ukishaingia mwisho siku 90. Nikalipa nikanyamaza, nyumbani ni nyumbani.

Leo ndo nikaenda kuulizia hichi kibali cha ukaazi cha wastaafu, Daraja C, tumetiwa kapu moja na wanafunzi na watafiti, nimekaa masaa 3 kwenye benchi la miguu mitatu na nusu, nimeingia nimenyoa nimetoka na ndevu. Zamu yangu kufika, shikamoo hakuna. Kanambia JAMBO. Jambo! Mtu wa miaka 66! Jambo si tunawapa watalii pale ufukweni tukitaka kuwauzia vikoi? Nikameza. Nikaeleza shida yangu taratibu, nikatia na "niwie radhi mwanangu", akaangalia pasi, akaniangalia mimi, akairudia pasi, akatabasamu kama kaona kasuku kasalimia: "Mzee Kiswahili chako kizuri sana, umejifunzia wapi?" Na wenzake wakageuka! Mmoja kapiga makofi!

Kizuri sana! Kama ananisahihishia daftari!

Kiwanja changu Kange kiko kwa jina la dada yangu kwa kuwa mimi ni mgeni, benki wameona pasi tu wakanitolea fomu ya W-9 ya Wamarekani wakaniripoti kule, yote hayo nimeyameza. Lakini UMEJIFUNZIA WAPI? Tumboni mwa mama yangu ndo nilipojifunzia!

Mkonge Mkavu:
Hahahahaha mkuu pole. Ukamjibuje?

Baba Ngamiani:
Nilikosa la kusema. Nikasema "hapahapa". Akasema "waooo".

Chai ya Rangi:
Alikuaga kwa "hakuna matata"?

Baba Ngamiani:
Hilo sitaki kulizungumzia.

Kijana wa Sinza:
Tanga si ndo waja leo waondoka leo? Wewe ukaondoka 1998 ukaja juzi, mwenzio kukuona mgeni kakosea wapi? Halafu sema ukweli, ulivaa kaptula ya mifuko minane na raba nyeupe.

Baba Ngamiani:
Mifuko sita. Na ni joto.

Chai ya Rangi:
Basi kijana wa watu hana kosa, tufunge uzi.

Mama Texas wa Arusha:
Kaka yangu shikamoo, hiyo nakupa mimi. Mume wangu mzungu wa Texas yuko huku tangu 2016, ana maneno manne, mambo, poa, asante, bia, na kila ofisi anashangiliwa kama kashinda uchaguzi. Kinachomtesa yeye ni kwao. Kila mwaka lazima apeleke hesabu za kodi Marekani hata angehamia mwezini, na akaunti zake za huku zote ukizijumlisha zikapita dola 10,000 japo siku moja tu ndani ya mwaka anatakiwa aziripoti, na asiporipoti faini yake utauza ng'ombe na zizi. Na ile Medicare, bima ya afya ya wazee ya kule, aliyokatwa maisha yake yote haivuki bahari, alivyovunjika nyonga tumelipa wenyewe shilingi kwa shilingi, na yuko palepale kitandani mguu juu ikaja fomu ya kule athibitishe kuwa yuko hai ndo pensheni iendelee. Kasaini huku analia.

Baba Ngamiani:
Marahaba dada. Pole na nyonga. Lakini yeye kashawahi kuulizwa kajifunzia wapi?

Mama Texas wa Arusha:
Kaulizwa. Akasema "wife". Wakamletea soda.

Baba Ngamiani:
SODA!!! Mimi hata maji sikupewa!

Mkonge Mkavu:
Mzee si kuna ile habari ya hadhi maalum ya diaspora, ya wenye asili ya hapa waliochukua uraia wa nje, kwa nini usiulizie hiyo?

Baba Ngamiani:
Ndo nilikuwa nafungua mdomo kuiulizia, akanikatisha kuniuliza Kiswahili nimejifunzia wapi.

Buda wa Eastlands:
Pole sana mzee. Sisi huku katiba ya 2010 ilimaliza hiyo maneno, niko na paspoti mbili kwa droo, ya Amerika na ya Kenya, nikitua airport ya Nairobi, JKIA, natoa ile ya kwetu napita tu, hakuna mtu ananiuliza kitu. Nyinyi endeleeni na uzalendo.

Kijana wa Sinza:
Pasi mbili mnazo, Kiswahili hata kimoja hamna.

Buda wa Eastlands:
Kwani Kiswahili yangu iko na shida gani?

Kijana wa Sinza:
Hiyo hiyo "yangu".

Mzalendo Halisi:
Mmeukana uraia kwa mikono yenu mkaapa mbele ya bendera ya watu, mmekula mabaga miaka 25, leo magoti yamekufa mnarudi mnadai shikamoo. Kama unaona Jambo haikutoshi rudi Minnesota kwenye barafu.

Chai ya Rangi:
Mzalendo wewe si ndo ulinyimwa viza mara tatu?

Mzalendo Halisi:
Mara mbili. Na usinikumbushe, ya mwisho dola 185 na hairudi, nimeamka saa tisa usiku, suti ya kuazima, nimebeba hati ya nyumba, barua ya kazi, picha za watoto, yule bwana hajafungua hata bahasha, kaniuliza unakwenda kufanya nini, nimesema harusi ya mdogo wangu, akanisukumia karatasi. Dakika mbili! Dola 185! Na Oktoba 2025 wakaleta sheria kwamba Mtanzania wa kwenda kutembea tu anaweza kuambiwa aweke dhamana ya dola 5,000 mpaka 15,000 kwanza. Halafu mzee analia na 100 yake ya airport, hiyo si hela ya maandazi tu.

Mkonge Mkavu:
Mdogo wako alisharudiana na mkewe?

Mzalendo Halisi:
Waliachana kabla sijapata miadi ya pili.

Dalali Mwaminifu:
Wastaafu wote karibuni, viwanja Bunju, umeme upo, maji yapo, hati ipo. Njoo inbox.

Baba Ngamiani:
Hati siruhusiwi wewe, mgeni ardhi mpaka iwe ya uwekezaji. Husomi uzi?

Dalali Mwaminifu:
Tutaandika jina la shangazi mzee wangu, usiwe na wasi.

Mtoto wa Ng'ambo:
Assalaam alaykum. Miye nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, babu zangu wote wamezikwa pale, n'na pasi ya Oman. Toka Oktoba 2024 kila nikenda kwetu natozwa dola 44 za bima ya wageni, kwenda kulala chumba nilichozaliwa! Bima ya nini, nitaumwa na paka wa mama? Na miye nimeulizwa "Muscat mnafundishwa Kiswahili?" lakini sikuja kulia mitandaoni, kwani mtu wa Unguja anajijua. Mtu wa Tanga kuulizwa ni haki, Kiswahili chenu mmekiokota bandarini.

Baba Ngamiani:
Narudia kusoma hii nione kama nimeisoma sawa.

Mtoto wa Ng'ambo:
Umeisoma sawa. Na huko juu umeandika "hichi kibali". Ni HIKI. Halafu "masaa 3". Ni SAA 3. Bibi yako angekunyima uji wiki nzima.

Kijana wa Sinza:
😂😂😂 Mzee umejifunzia wapi kwani?

Baba Ngamiani:
Nimeandika kwa hasira na bajaji inaruka matuta! Na simu hii ni ya kule, inasahihisha yenyewe!

Buda wa Eastlands:
Hata mimi najua ni hiki.

Mtoto wa Ng'ambo:
Wewe nyamaza.

Mkonge Mkavu:
Naomba tuheshimiane, Kiswahili fasaha kiko Tanga tangu na tangu, Unguja mnaimba tu.

Chai ya Rangi:
Lamu je?

Kijana wa Sinza:
Sasa ndo umeharibu kabisa, wa Lamu wakija hapa hatulali.

Baba Ngamiani:
Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima, 66, nimekaa saa 3 (SAA 3, mmeona?), nikasalimiwa Jambo, nikaulizwa

Mama Texas wa Arusha:
Samahani kutoka nje ya mada, kuna anayemjua fundi friji mzuri Arusha? Langu linapiga kelele kama pikipiki na mzungu hajalala siku ya tatu.

Dalali Mwaminifu:
Yupo dada. Njoo inbox.