Mjadala: Viwanda vibebe mashina ya migomba yetu?

Mkulima, Isingiro: Kuna vijana wanapita huku wakiulizia mashina ya migomba. Wanataka nyuzi zake wachanganye na resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, watengeneze mbao za dari na vipande vya pikipiki. Eti shina ni takataka! Mgomba huzaa mara moja. Ukishakata mkungu, shina unalipasua na kulitandaza shambani. Linatunza unyevu na kurudisha potasiamu iliyovutwa na ndizi. Wakilibeba, nani atanilipia mbolea? Mnasemaje?

Fundi wa Katwe: Mzee, shikamoo. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za shina ni maji. Mashine ya kukwangua ikija hapohapo shambani, zinaondoka nyuzi tu, tena kidogo. Makapi yote yanabaki kwako. Na kazi yenyewe inawezekana, ila ina ujanja wake. Nililaza nyuzi kwenye resini ya poliesta nikatoa kifuniko cha betri ya bodaboda. Chepesi, kinapendeza. Mvua zilipoanza, kingo zikavimba, kikabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati. Selulosi, ndiyo inayojenga nyuzi, inapenda maji, resini haiyataki, basi haviumani. Cha pili niliziloweka nyuzi kwanza kwenye maji ya kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, nikazisuuza, nikazianika zikakauka kabisa. Hicho bado kiko barabarani.

Mama wa Mukono: Na hiyo soda uliimwaga wapi, mwanangu? Kwenye kinamasi? Halafu poliesta inatokana na petroli, na ikishaganda haiyeyuki tena. Nusu mgomba, nusu plastiki: haiozi, wala huwezi kuiyeyusha ukaitumia upya. Hapo urafiki na mazingira uko wapi? Tena mmesahau ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule ulioripotiwa hapa Uganda mwaka 2001. Unasafiri kwa panga. Leo mnakata kwangu, kesho kwa jirani, keshokutwa wote tunang'oa.

Fundi wa Katwe: Mama, kwenye soda umenishika. Niliimwaga mtaroni. Gundi ya wanga wa muhogo nayo nimeijaribu. Inaoza vizuri, lakini maji yanaimaliza. Labda ibaki kwa mbao za dari, zisizonyeshewa.

Mkulima, Isingiro: Basi mimi nalegeza kidogo. Mashine ije shambani, panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba wangu, makapi yabaki. Sasa tuongee hela: kuna aliyewahi kuuza nyuzi kavu kwa kilo? Alilipwa shilingi ngapi?