Ninunue fleti ugenini, au niendelee kupanga?

Mgeni wa Ghorofa ya Nane:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa. Ninafanya kazi nje ya nchi yangu kwa mkataba wa miaka miwili, na mwajiri amedokeza, kwa mdomo tu, kwamba huenda ukaongezwa. Ninapanga katika jengo refu la aina ya kondominiamu, yaani lile ambalo kila mwenye fleti ana hatimiliki yake, huku ngazi, lifti, paa na maegesho yakiwa mali ya wote kwa pamoja. Kila mwisho wa mwezi ninapotuma kodi najiona kama mtu anayeteka maji kwa pakacha. Sasa fleti iliyo mlango wa tatu kutoka kwangu inauzwa, na akiba yangu inafikia takriban nusu ya bei yake. Nusu nyingine ningekopa benki. Wenzangu wawili kazini wameshanunua na hawaachi kunitania. Je, ni busara kwa mgeni kununua, au apange tu mpaka siku atakapofunga mizigo?

Karani wa Hati:

Hujataja nchi uliyopo, nami sitakulazimisha uitaje, lakini ujue kwamba kabla ya kuhesabu akiba yako unapaswa kuisoma sheria ya nchi hiyo. Nchi nyingi humruhusu mgeni kumiliki fleti bila kumruhusu kumiliki ardhi, na hata hiyo fleti huwekewa mgawo. Thailandi, kwa mfano, inaruhusu wageni wamiliki hadi asilimia 49 ya eneo lote la fleti zilizomo katika jengo moja la kondominiamu. Ufilipino imeweka kikomo cha asilimia 40, na Vietnamu asilimia 30 ya fleti za jengo, tena kwa muda wa miaka 50 unaoweza kuongezwa. Maana yake ni kwamba fleti inaweza kuwa inauzwa, muuzaji akawa mwaminifu na fedha zikawa tayari, lakini wewe ukashindwa kuandikishwa kwa sababu mgawo wa wageni katika jengo hilo umejaa. Kwa hiyo omba barua ya uongozi wa jengo inayoonyesha mgawo uliobaki, na uipate kabla hujatoa hata arubuni.

Kuna nchi nyingine ambazo hazizuii, ila zinatoza. Singapore, tangu tarehe 27 Aprili 2023, inamtoza mgeni anayenunua makazi ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei. Nyingine zimefunga mlango kwa muda: Kanada ilipiga marufuku ununuzi wa makazi kwa wageni wengi kuanzia tarehe 1 Januari 2023 na baadaye ikarefusha marufuku hiyo hadi tarehe 1 Januari 2027, ingawa kuna misamaha kwa baadhi ya wafanyakazi. Australia nayo imezuia wageni kununua nyumba ambazo tayari zimeshakaliwa, kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 hadi tarehe 31 Machi 2027. Hao wenzako wanaokutania walinunua mwaka gani? Sheria waliyoitumia inawezekana si hii iliyopo leo.

Mambo mawili zaidi, halafu niwaachie wengine. La kwanza, usikubali kamwe ushauri wa kununua kwa jina la rafiki au mchumba mwenyeji ili kukwepa mgawo, kwa sababu mbele ya sheria mwenye mali ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati, na urafiki hauna msajili. La pili, kununua fleti hakukupi haki ya kuishi nchini humo. Hata nchi zilizokuwa zikiunganisha mambo hayo mawili zimeanza kuyatenganisha. Hispania, iliyokuwa ikitoa kibali cha ukaazi kwa mgeni aliyenunua mali ya euro 500,000, ilifuta mpango huo tarehe 3 Aprili 2025. Mkataba wako wa kazi ukikatika, kibali chako kitakwenda nao, na fleti itabaki ghorofa ya nane ikikusubiri ulipie lifti usiyoipanda.

Hesabu Kwanza:

Mimi nitaanza na hilo pakacha lako, kwa sababu wahenga walishasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kodi unayoiona kama hasara inakununulia kitu, nacho ni uwezo wa kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili bila kudaiwa na mtu.

Chukua bei inayotajwa ya fleti hiyo uigawe kwa kodi ya mwaka mzima ya fleti inayofanana nayo katika jengo hilohilo. Tuseme jibu ni 25. Basi mpangaji analipa asilimia 4 ya thamani ya fleti kila mwaka. Mwenye kununua naye analipa nini? Ushuru wa stempu, wakili, usajili, na mwishoni dalali wa kumtafutia mnunuzi. Tuseme jumla ya kuingia na kutoka ni asilimia 8 ya bei, kiasi ambacho mahali pengi hakishangazi. Ukikaa miaka miwili tu, hiyo ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani gharama za makaratasi peke yake zimeshalingana na kodi yote uliyokuwa ukiilalamikia. Ongeza ada ya huduma ya jengo, tuseme asilimia 1. Ongeza riba ya mkopo wa nusu ya bei kwa asilimia 6, ambayo ni asilimia 3 ya bei nzima. Umefika asilimia 8 kwa mwaka dhidi ya 4, na bado sijahesabu faida ambayo akiba yako ingeipata kama ingekaa mahali pengine, wala kodi ya majengo, wala bomba litakalopasuka.

Ukikaa miaka kumi picha hubadilika, kwa kuwa zile asilimia 8 za makaratasi zinagawanywa kwa kumi. Na kama jibu la mgawanyo wako si 25 bali ni 15, kununua kunaanza kuwa na mantiki mapema zaidi. Ila usikubali mtu akupe jibu bila kukuuliza utakaa miaka mingapi, na kwa ushahidi gani. Mdomo wa mwajiri si ushahidi.

Kisha kuna sarafu. Tarehe 2 Julai 1997 Thailandi iliiacha sarafu yake, baht, ielee, yaani thamani yake iamuliwe na soko, nayo iliyokuwa takriban 25 kwa dola moja ikashuka hadi kupita 50 kwa dola ifikapo Januari 1998. Mgeni aliyekuwa na fleti Bangkok na akapima mali yake kwa dola alipoteza nusu yake katika miezi sita bila hata ukuta mmoja kupata ufa. Kwa aliyekopa dola kununua fleti ambayo kodi yake inalipwa kwa baht, hali ilikuwa mbaya zaidi. Jiulize unalipwa kwa sarafu gani, utakopa kwa sarafu gani, na siku ya kustaafu utakula kwa sarafu gani. Zikiwa tatu tofauti, panga.

Mama Ufunguo:

Waliotangulia wamezungumzia nchi na hesabu, nami niseme juu ya jengo lenyewe, kwa sababu nilinusurika kwa bahati tu. Nilipanga miezi tisa katika jengo ambalo nilikuwa nimeamua kabisa kununua humo. Mwezi wa nne ulikuwa wa mvua, na siku moja nilishuka kwenye maegesho ya chini nikakuta ndoo tatu za rangi zimepangwa nyuma ya gari langu, kila moja ikipokea matone kutoka kwenye ufa mrefu wa dari, na pembeni mwa ufa zege limeacha michirizi myeupe kama chumvi. Mlinzi aliniambia ndoo hizo huwekwa kila msimu. Wiki iliyofuata ilibandikwa karatasi kwenye kioo cha lifti ikitaja namba za fleti ambazo hazijalipa ada ya huduma. Nilihesabu 31 kati ya 120. Nikaomba kusoma mihutasari ya mikutano ya wamiliki ya miaka mitatu. Katika kila mkutano fundi ameeleza kwamba tabaka la kuzuia maji limeoza, na katika kila mkutano wamiliki wameahirisha kwa sababu mfuko wa matengenezo ni mtupu. Sikununua. Mwaka mmoja baadaye wamiliki walichangishwa kwa mkupuo kiasi ambacho baadhi yao walilazimika kuuza ili kukilipa, na unaweza kukisia waliuza kwa bei gani.

Jambo hili si dogo, wala si la fedha peke yake. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, lililokamilika mwaka 1981, liliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeshaonya juu ya uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea, mahali ambapo maji hayakuwa na njia nzuri ya kutoka. Wamiliki walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama, na mchango wa dola milioni 15 ulikuwa umepitishwa miezi michache tu kabla ya jengo kuanguka. Katika kondominiamu hununui fleti peke yake. Unanunua pia tabia ya majirani zako linapokuja suala la kulipa. Mgeni yuko mahali pabaya zaidi kwa sababu mikutano huendeshwa kwa lugha asiyoijua vizuri, na kura hupigwa akiwa safarini.

Kwa hiyo, ndugu, wewe una nafasi ambayo mnunuzi wa kawaida hana: tayari unaishi humo. Shuka chini mvua ikinyesha. Panda lifti saa moja asubuhi uone foleni. Soma mihutasari.

Mpangaji Mstaafu:

Nitawapinga kidogo, kwa heshima zote. Mnaongea kana kwamba kupanga hakuna maumivu. Nilipanga ugenini miaka kumi na moja na nikahamishwa mara nne: mara mbili kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba alikuwa anarudi, mara moja kwa sababu nyumba imeuzwa, na mara moja kwa sababu kodi ilipandishwa kwa kiwango ambacho kilikuwa njia ya adabu ya kunifukuza. Binti yangu alibadili shule mara tatu. Amana yangu ya pili sikuiona tena. Mwenye nyumba alidai nimechubua sakafu ambayo niliikuta imechubuka, nami sikuwa na picha hata moja. Hakuna jedwali la asilimia linaloweka gharama hizo. Mwaka wa kumi na mbili nilinunua fleti ndogo, nikiwa na ukaazi wa kudumu mkononi, na tangu siku hiyo nimetoboa ukuta ninapotaka.

Lakini niwe mkweli: nilinunua nikiwa na kibali kisichotegemea mwajiri, na kwa fedha taslimu. Kama ningekuwa na mkataba wa miaka miwili na deni la nusu ya bei, nisingethubutu. Mgeni anayepanga ajitahidi tu kupanga vizuri, yaani mkataba wa maandishi, picha za kila chumba siku ya kuingia, na kifungu kinachomruhusu kuvunja mkataba ikiwa kazi itakoma.

Mgeni wa Ghorofa ya Nane:

Nawashukuru wote. Leo nimekwenda kwa dalali nikiwa na maswali yenu mkononi. Mgawo wa wageni bado una nafasi. Nilipouliza kwa nini mwenye fleti anauza, dalali alizungukazunguka kwanza, kisha akakiri kwamba naye ni mgeni kama mimi, mkataba wake ulikwisha, na ameondoka nchini miezi kumi na nne iliyopita. Tangu hapo fleti iko tupu, naye analipa ada ya huduma kutoka huko aliko. Bei imeshashushwa mara mbili. Nikigawa bei ya sasa kwa kodi ya mwaka ninapata 23.

Hesabu Kwanza:

Basi umeona kwa macho yako mlango wa kutokea ulivyo. Huyo bwana alikuwa wewe, kabla hajaondoka.

Karani wa Hati:

Na kumbuka kwamba kwa mgeni, kuuza kwenyewe kunaweza kuwa na masharti yake. Marekani, kwa mfano, muuzaji akiwa mgeni, mnunuzi kwa kawaida hutakiwa kuzuia asilimia 15 ya bei ya mauzo na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, hadi muuzaji atakapowasilisha hesabu zake na kurudishiwa kinachozidi. Kwa nchi uliyopo, muulize wakili kama fedha za mauzo zinaruhusiwa kutoka, na kwa ushahidi gani. Thailandi huangalia kama fedha za kununulia ziliingia kutoka nje kwa sarafu ya kigeni, kwa hiyo mtu aliyetupa stakabadhi ya benki ya siku ya kwanza hujutia siku ya mwisho. Wakili huyo umtafute mwenyewe, asiwe yule anayependekezwa na dalali.

Ila mimi naona nafasi hapa. Mtu anayelipia fleti tupu kwa miezi kumi na nne atafurahi kupata mpangaji. Mwandikie umwombe akupangishe kwa mwaka mmoja au miwili kwa kodi nafuu kuliko unayolipa sasa, na mkataba uwe na kifungu kinachokupa haki ya kuwa wa kwanza kuulizwa akitaka kuuza, kwa bei ambayo mtakubaliana leo. Kama mkataba wako wa kazi utaongezwa kwa maandishi, utaamua wakati huo. Mihutasari ya mikutano aombe yeye, maana ni mmiliki na hawawezi kumnyima.

Mgeni wa Ghorofa ya Nane:

Nimemwandikia jioni hii. Amejibu ndani ya nusu saa, akauliza ninaweza kuhamia lini.